Nywele za Meneja wa Uwanja

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima. Nilikuwa nimeajiriwa kupiga chapa katika kituo kimoja cha televisheni jijini Dar es Salaam. Kabla sijaketi vizuri, Mkuu wa Vipindi alikuja akasimama mbele ya meza yangu, akaniamuru nifumbe macho.

"Nimevaa saa mkono gani?"

Nikamwambia wa kulia, na kwamba kifungo cha pili cha shati lake kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Akainamia kifungo, akakitazama kwa muda.

"Mashine waachie wengine," akasema. "Wewe utakaa karibu na kamera."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya mwendelezo, kazi ambayo ninyi vijana mnaokesha na tamthilia hamjui hata kama ipo. Mchezo wa televisheni haurekodiwi kwa mfuatano wa hadithi. Mtu anafungua mlango Jumatatu, anaingia chumbani Alhamisi, kwa sababu mlango uko Ilala na chumba kiko Kibaha. Wewe nyumbani unaona hatua moja tu. Lazima awepo mtu wa kukumbuka kwamba mkoba ulikuwa bega la kushoto na chai ilikuwa nusu kikombe. Mtu huyo nilikuwa mimi na daftari langu. Ukiifanya kazi vizuri hakuna anayejua kuwa ulikuwepo, na ukikosea nchi nzima inakucheka. Inachosha, sitawadanganya. Mpaka leo nikialikwa harusini naona tai ya bwana harusi imehama tangu kanisani, na chakula kinanishinda.

Baadaye nilihamishiwa Dodoma, kwenye vipindi vya kilimo. Mkuu wa Kituo wa kule alikuwa mtu mkali mwenye sauti ndogo. Tulirekodi nusu ya igizo la mkulima na mkewe, na kwa kuwa gari liliharibika njiani, Dumila, tukakaa hapo wiki kadhaa tukila nyanya na mahindi ya kuchoma, tuliporudi shambani mahindi yaliyokuwa ya magotini yalikuwa yametoa mbelewele kileleni. Nikaandika ripoti ya kurasa tatu.

"Felista," Mkuu wa Kituo akaniambia, "mahindi hayasomi daftari lako. Tafuta shamba lingine." Tukalitafuta, tukarekodi upya yote. Sikulalamika. Wakati ule nilikuwa na nguvu za kurudia jambo.

Nimewapitisha huko haraka kwa sababu ninachotaka kusimulia ni kazi yangu ya mwisho, tamthilia iliyoitwa *Lango la Nne*. Najua hamuikumbuki. Ilihusu uendeshaji wa uwanja mkubwa wa ndege wenye shughuli nyingi, na ilirekodiwa Kihonda, hapa Morogoro, ndani ya ghala lililowahi kuhifadhi magunia. Ndege hatukuwa nayo hata moja. Ngurumo zake zilikuwa za kwenye kinasa sauti, na kila ziliposikika tulitakiwa wote kutazama juu kwenye mabati. Mkanda wa mizigo ulikuwa wa mbao na turubai, ukizungushwa na wanaume wawili waliojilaza chini yake. Abiria walikuwa watu arobaini wa mtaa wa Mwembesongo, waliopita mbele ya kamera, wakazunguka nyuma ya ghala, wakabadili kitenge au koti, wakapita tena. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha aliyesafiri kwenda Mwanza asionekane dakika hiyohiyo akiwasili kutoka Nairobi. Mlango mkubwa wa ghala tuliuziba kwa pazia, maana ukiuacha wazi Milima ya Uluguru inaingia kwenye picha, na uwanja wetu ulitakiwa kuwa pwani.

Meneja wa uwanja aliigizwa na Mwalimu Shabani, Mluguru wa milimani, aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi. Hakuwa na jina kubwa. Alikuwa na sauti, na alikuwa na nywele: nyeupe zote, nyingi, zilizochanwa kwenda nyuma. Watazamaji walizipenda zile nywele kuliko hadithi yenyewe.

Sehemu ya nane ilikuwa ya siku moja ya ukungu. Ndege haziwezi kutua, abiria wanajazana tangu alfajiri hadi jioni, na mwishoni meneja anapanda juu ya mizani ya mizigo, anawahutubia. Hotuba ile Mwalimu aliifanyia mazoezi mwezi mzima. Nilikuwa nikimsikia akiisema peke yake nyuma ya ghala, akiwaambia kuku wa jirani. Tulikuwa tumerekodi nusu ya sehemu hiyo, hotuba bado, alipopigiwa simu kwamba mama yake amefariki.

Tukamzunguka kumpa pole.

"Nimeshapoa," akasema. "Ila kuna jambo niwaambie mapema. Kwetu siku ya tatu tunaanua tanga, na watoto wote wa marehemu tunanyolewa. Kichwa kizima, kwa wembe. Nitarudi na kipara."

Mwongozaji, aliyekuwa kijana muungwana, akanigeukia. "Dada Felista, hadithi inakubali. Meneja naye anaweza kufiwa. Tukirudia tulichokwisha kurekodi, aonekane na kipara tangu asubuhi, itachukua siku ngapi?"

Jibu lilikuwa kwenye daftari, kwa mwandiko wangu. Siku mbili.

"Wiki nzima," nikasema.

Nilikuwa nimechoka. Sina sababu nyingine ya kuwapa, na nimeitafuta. Miguu ilikuwa imevimba. Niliwaza wale abiria arobaini, kila mmoja na koti lake la kwanza na la pili, vile vikombe na masanduku, nikaona siwezi kuanza tena. Hakuna aliyelifungua daftari kunihakiki. Neno langu lilikuwa halihakikiwi.

"Wiki hatuna," Mwongozaji akasema. Kituo kilichokuwa kinaturusha kilikuwa kimeshaanza kututisha kwamba kitatuondoa hewani.

Mimi ndiye niliyemalizia. "Nenda ukamzike mama, Mwalimu. Ila usinyoe. Waombe wakuvumilie kidogo, tukimaliza utanyoa."

Nilisema hivyo kama vile nywele za msiba ni sahani ya jirani, unaweza kuirudisha wiki ijayo. Mwalimu alinitazama, akatazama daftari mkononi mwangu, akaondoka.

Siku ya nne alirudi. Nilishika simu yenye picha yake ya kabla ya msiba, nikamlinganisha. Hakuna unywele uliokosekana. Nikafurahi, na hiyo furaha ndiyo inayoniaibisha kuliko yote. Wakati anapakwa poda akanisimulia kwa sauti ya chini. Inafaa mjue kwamba kwa Waluguru ukoo ni wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho.

"Mjomba alisimama na wembe na beseni la maji. Ndugu zangu wote walikuwa wameshanyolewa, nimebaki mimi. Nikamwambia, mjomba, nina kazi ya televisheni, nivumilie wiki moja. Akayamwaga maji. Akawaambia watu, asiyenyoa hajafiwa. Huyu ni mgeni wetu, mpeni chakula ale aende zake."

"Atatulia," nikamwambia. "Hasira za msiba hizo."

Alipanda kwenye mizani akaisema ile hotuba mara moja tu, bila kukosea. Abiria wa Mwembesongo walilia kweli, na mmoja wa wale waliolala chini ya mkanda akatoka kuja kuona. Watu wote walikuwa wanamtazama usoni. Mimi nilikuwa natazama nywele.

Picha zake katika sehemu ile zilikuwa zimekwisha, na jioni ileile alikwenda kwa kinyozi wa Kihonda, na kesho yake akapanda mlimani na kipara chake. Mjomba hakumfungulia mlango. Arobaini ya mama yake ikasomwa bila yeye kuitwa.

Nasi tukafungiwa. Watazamaji walikuwa wakipiga simu kituoni kuuliza ni uwanja gani huo wenye shughuli nyingi usioonekana ndege, na mbona yule bwana wa sanduku jekundu amesafiri mara nne kwa asubuhi moja. Lile sanduku lilinipita, nakiri. Baada ya sehemu ya tano, saa yetu ikapewa mpira. Sehemu ya nane haikurushwa kamwe. Mimi nikastaafu mwaka uleule, nikabaki hapahapa Morogoro, maana sikuona haja ya kuhama tena.

Wanaoingia kazi hii huja kuniuliza siri yake. Nawaambia kumbukumbu ni kipaji, lakini uaminifu wa kusema kilichoandikwa unaisha kama soli ya kiatu, na unaisha siku ambazo mwili umechoka. Ukiulizwa siku ngapi, taja zilizopo, hata kama utazifanya kazi huku unalia. Wanaitikia kwa heshima, wananiuliza kuhusu kamera.

Mwaka jana nilijikaza nikapanda kwenda kwa Mwalimu, juu ya Kinole, kwenye Milima ya Uluguru. Pikipiki ilinifikisha mwisho wa barabara, kilichobaki nikakimaliza kwa miguu, nikipumzika kila baada ya migomba michache. Kwenye ua mmoja nilimkuta mzee mwenye kipara kinachong'aa, amekaa kwenye kigoda anachambua iliki.

"Shikamoo mzee. Namtafuta Mwalimu Shabani."

"Marahaba. Kafanya nini tena huyo?"

Sauti ndiyo iliyoniambia. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake nisimtambue. Alicheka mpaka akakohoa, akaniletea kigoda.

"Nanyoa kila Ijumaa," akasema, akijipapasa. "Tangu mwaka ule. Mjomba alikufa bila kuniita. Ndugu wananisalimia vizuri tu, chumvi tunaombana. Lakini kukiwa na kikao cha ukoo, mimi nakaa nje na wageni."

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kumzungukia. Nikayaacha.

"Mwalimu, zilikuwa siku mbili."

Hakuniuliza siku mbili za nini. Alimaliza kuchambua iliki zilizokuwa kiganjani, akazimimina kwenye ungo.

"Najua," akasema. "Nimefundisha hesabu miaka thelathini, dada. Nilizihesabu nikiwa nimesimama palepale."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, mngerudia mwanzo, na hotuba ingesogea mbele. Nikaogopa watatufungia kabla sijaisema." Akautikisa ungo. "Mama alikuwa ameshakufa. Hotuba ilikuwa bado."

Nikachota iliki kwenye gunia lililokuwa kando yake, nikaanza kuchambua naye. Baadaye, bila kuniangalia, akaniuliza kama ile sehemu ya nane bado ipo mahali popote, aione hata mara moja.

Nikamwambia ukweli: ilifutwa zamani.