Jogoo Aliyefika Kliniki Akiwa Hai

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kliniki ndogo pale Kitale, Daktari alinikabidhi mashine ya presha akasema, "Usimpime mtu aliyeingia mbio. Mkalishe. Muulize habari ya ng'ombe." Shule nilimaliza fomu foo, bila gredi ya kujivunia, lakini kusalimia watu nilijua. Leo nina miaka ishirini na saba, mkataba umeisha, najiita mstaafu. Msicheke, nyinyi mnaoanza.

Tulikuwa na karatasi ya lishe: punguza nyama, ongeza mboga, maharagwe, njugu. Wagonjwa waliikunja vizuri, wakaitia mfukoni, wakaenda kula kama jana.

Daktari alipohamia Bungoma nilimfuata. Huko tukampata Mzee Barasa, aliyekuwa dereva wa trekta, mwenye kidonda kisichopona kwenye kidole cha mguu. Sukari yake, ile tunayopima kwa tone la damu, ilipanda kila mwezi.

"Mzee, tukiendelea hivi kidole kitakatwa," Daktari akamwambia.

"Dawa si nameza? Sasa ati nikule majani! Mimi ni mbuzi?"

Mkewe, Mama Nekesa, akadakia, "Mboga ya mrenda napika kila siku, bana. Anasema ni ya watoto."

Daktari akaweka kalamu chini. "Nyama mnapika lini?"

"Mgeni akija," Mzee akasema kwa fahari. "Na kwangu wageni hawaishi."

Jumamosi tukaenda kumtembelea. Jogoo mwekundu alikuwa amefungwa mguu mlangoni pa jikoni, na hapo ndipo nilipoona kosa letu. Tulikuja kuzungumza juu ya mboga, kumbe sisi wenyewe ni wageni! Daktari akila huyo jogoo, maneno yake yote yameanguka. Akikataa, ametukana boma. Mzee alisimama na kisu, anamtazama Daktari.

"Mzee, huyu jogoo umenipa?"

"Nimekupa, Daktari. Ni wako."

"Basi naomba nimbebe akiwa hai. Si mgeni wa heshima huku huondoka na kuku wake mkononi?"

Mzee akarudisha kisu jikoni.

"Na leo," Daktari akaendelea, "nataka mrenda na maharagwe ya Mama, wewe ukiwa kando yangu."

Mwenye boma hawezi kumwacha mgeni ale peke yake. Mzee akala. Alipoongeza mara ya pili, Mama Nekesa alijifanya anatafuta kijiko.

Jogoo akahamia nyuma ya kliniki. Mzee hakukosa kliniki tena. Alikuja "kumwona jogoo wangu", nami nikampima presha akiwa ametulia, anamsifu jogoo. Wageni wake nao wakawa wanakula maharagwe na kuondoka na kuku hai. Dawa aliendelea nazo. Sukari kushuka ilichukua miezi mingi.

Ile karatasi ya lishe sikuitupa. Niligeuza kila nakala, nikaandika kwa nyuma: huyu, nyama hula na nani? Jibu la swali hilo ndilo lililonifundisha kazi.

Siku yangu ya mwisho Mzee Barasa alikuja amevaa sandali, mara ya kwanza tangu nimjue. Nikahesabu vidole. Vyote kumi.

"Unalia nini, msichana wangu?" akauliza, akinipa kuku jike aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. "Huyu ni wa kustaafu. Na ukimchinja, nitakushtaki kwa Daktari."