Mama Viti Alivyoushuka Mlima

Mtaani kwao, ukitaka kujua pikipiki fulani ilianguka vipi, huendi kituo cha polisi. Unakwenda kwa Mama Viti. Kibanda chake kimebanwa kati ya muuza vipuri na mziba pancha, na ndani mna cherehani moja nzito ya kushonea ngozi, mkasi wenye mpini uliozungushiwa kitambaa, na rundo la sponji linalogusa dari. Kazi yake ni kuvika viti vya pikipiki. Kwa miaka kumi na sita amekuwa akivivua viti nguo kuukuu na kuvivika mpya, na kila kinacholetwa kimechanika ubavuni, huuliza swali moja tu: "Ilikuwaje?"

Wanaume hawapendi kumweleza mtu walivyoanguka. Lakini mbele ya mama aliyebana misumari midogo mdomoni, ambaye hata akitaka kuwagombeza hawezi, wanamwaga yote. Alishasikia habari za mchanga kwenye kona, za mbwa, za tairi lililobaki upara, za usingizi uliomchukua mtu saa nane mchana baada ya kushindilia chakula. Ila moja aliisikia mara nyingi hata angeweza kummalizia msimuliaji: nilikuwa nateremka, nimezima injini niokoe mafuta, breki zikapata moto, zikakataa.

Na mumewe je, mtaani wanamwitaje? Nyutro. Jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Tangu aanze kubeba abiria, miaka kumi na tisa iliyopita, hajapata kuteremka mlima na injini ikiunguruma. Akifika juu anazima, anatoa gia, anaweka nyutro, anaiacha pikipiki ijiendee. "Mteremko ni wa bure," husema, "kwa nini niulipie petroli?" Hajaanguka hata siku moja, na hapo ndipo penye balaa, kwani mtu ambaye hajaanguka huwezi kumfundisha kitu.

Alhamisi moja mchana simu iliita kibandani. Alikuwa binti yao, mwalimu wa shule iliyoko kilomita mia tatu na kumi kutoka pale. Mimba mbili za mwanzo zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwisho, lakini mtoto amekaa vibaya, na daktari ameamua kumpasua Jumamosi saa mbili asubuhi. Mumewe, dereva wa malori, alikuwa nchi nyingine akipeleka mzigo.

"Mama, sitaki kuingia kule ndani kabla sijakuona," binti alisema.

"Utaniona, mwanangu."

Alikata simu ndipo akakumbuka kwamba basi la kule huenda Jumatatu na Alhamisi, na la siku ile lilikuwa limeondoka alfajiri. Nyutro alipoelezwa, alisimama papo hapo na ufunguo mkononi.

"Twende. Nipe dakika tano."

"Tutakwenda kesho alfajiri. Leo tunaitengeneza pikipiki."

"Kwani pikipiki ina nini?"

"Ina wewe."

Mziba pancha alicheka mpaka akaangusha spana. Mama Viti hakucheka. Alifunga kibanda, akakaza khanga kiunoni, na kuanzia saa ile hadi jua kutua Nyutro hakuwa na raha. Tairi la nyuma lilibadilishwa, ingawa mwenyewe aliapa lina mwezi mzima mbele yake. Breki zilifunguliwa, zikawekwa mpya. Cheni ilikazwa, ikatiwa oili. Mkewe alimnunulisha tyubu mbili za akiba na pampu ya mkono, akamlazimisha kufungua gurudumu na kulirudisha huku yeye anatazama, ili ajue kama spana alizobeba zinatosha. Hazikutosha. Iliyokosekana ilitoka kwa mziba pancha.

Kiti alikishughulikia mwenyewe. Watu hudhani kiti laini ndicho cha safari. Yeye alijua kwamba sponji laini hudidimia na baada ya saa moja umekalia chuma. Aliweka ngumu chini, nyepesi juu, akavuta ngozi ikakaza kama ngoma. Mabaki aliyashonea kinga za magoti na viwiko, jozi mbili. Koti la Nyutro, ambalo kama wenzake wote hulivaa mgongo mbele ili kukinga kifua na upepo, alilitilia zipu mpya na kumwambia atalivaa kama watu wazima.

"Na helmeti utafunga mkanda," aliongeza. "Siyo kuiweka kichwani kama sufuria inayosubiri kuoshwa."

"Mama watoto, una lingine?"

"Ninalo. Mlimani huzimi injini. Niahidi."

"Nimekuahidi," Nyutro alisema, upesi mno.

Waliondoka saa kumi na mbili asubuhi, mzigo umefungwa chini kwenye keria kwa mipira, maji na mikate ndani ya begi. Kila baada ya saa moja Mama Viti alimgonga begani, wakasimama, wakanyoosha miguu. Nyutro alilalamika mara mbili za kwanza. Ya tatu alishuka mwenyewe huku akishika kiuno. Saa tano mwiba ulitoboa tairi la mbele mahali pasipo na nyumba wala mti. Walibadilisha tyubu kwa dakika ishirini na tano, na spana iliyofungua gurudumu ilikuwa ile ya mziba pancha.

Saa tisa alasiri walifika juu ya mlima mkubwa. Barabara ilishuka kilomita kumi na nne, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine hewa tupu. Wakiwahi kushuka, wangefika kwa binti kabla ya giza. Nyutro aliingia kona ya kwanza vizuri, na ya pili vizuri. Kisha mngurumo ukakatika. Ulibaki upepo tu na mvumo wa matairi, na Mama Viti akahisi pikipiki imekuwa nyepesi, kama mlango uliotoka kwenye bawaba.

"Washa!"

"Kidogo tu hapa, mama, panyoofu."

"Simama."

"Tutachelewa!"

"Simama nishuke!"

Alisimamisha. Mama Viti alishuka, helmeti kichwani, kinga magotini, akaanza kuushuka mlima kwa miguu bila kugeuka nyuma. Nyutro alidhani ni mzaha. Alipoona mkewe amepotelea kwenye kona, aliwasha injini, akamfuata.

"Panda, basi. Tusitie aibu barabarani."

Mama Viti aliendelea kutembea.

"Mtoto anakungoja wewe. Unamwacha kwa ajili ya ubishi?"

Hapo ndipo alipopiga penyewe. Kila hatua aliyopiga Mama Viti ilikuwa inakula jua, na jua ndilo lililokuwa safari yao. Usiku wasingethubutu kuendesha. Alitaka kufika kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Lakini alishavika viti kumi na kimoja vya watu waliosema "kidogo tu hapa," na wawili kati yao hawakuvileta wenyewe. Vililetwa na ndugu zao.

"Mwanangu anamsubiri mama," alisema huku anatembea. "Hasubiri maiti."

Malori yaliyokuwa yakipanda mlima yalipiga honi. Utingo mmoja alichungulia, akamwona mama mwenye helmeti anatembea na pikipiki inamfuata kwa gia ya kwanza kama mbuzi aliyenunuliwa, akapaza sauti: "Kawia ufike, mama!" Wenzake wakaangua kicheko. Nyutro aliona haya mpaka shingoni. Alijaribu kukasirika, akaongoza mbele mita mia, akasimama, akangoja. Alijaribu kubembeleza. Alijaribu kunyamaza. Mama Viti alikuwa ametembea kilomita sita, na vidole vyake vya miguu vimeanza kuota malengelenge, pikipiki iliposimama kando yake tena.

Swichi ya pikipiki ile ilikuwa imechakaa kiasi kwamba ufunguo huchomoka injini ikiwa inaunguruma. Nyutro aliuchomoa, akamnyooshea.

"Shika wewe. Bila huo siwezi kuizima. Nitatumia gia ya pili mpaka chini."

Aliushika, akapanda. Waliteremka kilomita nane zilizobaki injini ikiwazuia na kulia kwa hasira, naye ameufumba ufunguo kiganjani hadi ukamwachia alama. Chini, Nyutro aligusa breki ya nyuma kwa kidole. Ilikuwa ya uvuguvugu tu.

Giza liliwakuta wamebakiza kilomita arobaini. Walilala kwenye nyumba ya wageni isiyoshika mtandao wa simu, kama kulala ndiko kule. Palipoanza kupambazuka walikuwa barabarani, na saa moja na robo walisimama mbele ya hospitali. Saa mbili ilikuwa bado. Mama Viti alikwenda nusu anakimbia, akamtaja binti yake kwa muuguzi wa zamu.

"Mmepishana naye, mama. Daktari aliwahi. Ameingia robo saa iliyopita."

Alikaa kwenye benchi. Aliumia, na hakujaribu kuonekana kama hajaumia. Nyutro alisimama ukutani, hakuthubutu kukaa karibu naye. Baada ya muda mlango ulifunguliwa na muuguzi akatangaza: mtoto wa kike, kilo tatu na ushee, wote wawili wazima. Mama Viti alijifunika uso kwa khanga.

Mchana waliruhusiwa kuingia. Binti alikuwa amelala chali, mtoto kando yake. Alimtazama mama yake.

"Ulisema nitakuona."

Mama Viti alifungua mdomo. Kabla hajajibu, Nyutro alisogea, akiizungusha helmeti mikononi.

"Usimlaumu mama yako. Ni mimi. Nilimpa ahadi nikaivunja, mlimani. Akashuka, akatembea. Tumechelewa kwa ajili yangu."

Katika umri wake wote binti hakuwahi kumsikia baba yake akisema "ni mimi." Aligeuza macho kwake, kisha kwa mama yake, kisha kwenye miguu ya mama yake iliyovimba ndani ya viatu vya wazi.

"Umetembea mlima ule?"

"Nusu, hata haifiki."

"Na helmeti kichwani?"

"Na helmeti kichwani."

Binti alianza kucheka, akashika kidonda, akalia, akacheka tena. "Nilidhani mmepatwa na jambo njiani," alisema. "Wakati wananisukuma kule ndani, hilo tu ndilo nililokuwa nawaza." Alifuta macho kwa ncha ya shuka. "Basi umefika, mama. Mpokee mjukuu wako."