Alisukumwa, akaanguka, waya hakuuachia

Jua la saa mbili asubuhi limefika nusu ya uwanja tu. Nusu nyingine bado ina umande, na juu ya umande huo mwanamke wa miaka arobaini na saba anatembea kinyumenyume, polepole, kama mtu anayerudi ndani ya ndoto aliyotoka kuiota.

Mchezaji hakuna. Shabiki hakuna. Viti elfu ishirini vimenyamaza vinamtazama.

Mkono mmoja ameshika mkanda wa suruali ya mpiga kamera, ambaye naye anarudi kinyumenyume huku jicho lake liko ndani ya kamera. Mkono wa pili unakusanya waya mweusi, duara juu ya duara, kama anayekunja mkeka.

“Hatua. Hatua. Tope kushoto. Njoo. Simama hapo hapo, baba.”

Mpiga kamera anasimama. Hajageuka hata mara moja. Huyo wanamwita Jicho. Mama mwenyewe, uwanja mzima unamwita Mama Waya, na kazi yake ni kuvuta waya wa kamera ya pembeni, ile inayowafuata wachezaji mpaka mlangoni.

“Kitendawili,” anasema akihema kidogo.

“Tega.”

“Yupo kila mechi, haonekani hata kwenye moja.”

“Mwamuzi mwenye haki.”

“Umekosa! Nipe mji.”

“Chukua wote, kodi yake imenishinda.”

“Ni mimi,” anasema Mama Waya, na kicheko chake kinakwenda mpaka viti vya juu, kinarudi kimekuwa chembamba.

Ni mazoezi tu. Jumamosi atarudi pembeni mwa uwanja kwa mara ya kwanza tangu alipovunjwa mkono na mchezaji. Ni karibu miezi mitatu sasa.

Waya anaouvuta una urefu wa mita tisini na uzito wa kilo ishirini na tano. Ameuvuta kwa miaka tisa, kwenye mvua na kwenye jua la kupasua kisogo. Halipwi kwa mwezi, analipwa kwa mechi. Mechi tatu ni kodi ya vyumba viwili anavyoishi na dada yake mkubwa, ambaye ni msusi. Ya nne ndiyo sufuria. Mwezi wenye mechi mbili, anasema, “tunakula kwa adabu.”

Kazi hii ina sheria mbili ambazo hazikuandikwa popote. Ya kwanza: kamera ikiwa hewani, waya hauachiwi. Waya uliolegea ni nyoka asiye na sumu, lakini humlaza chini mtu mzima. Ya pili ni kali zaidi. Mvuta waya akijikwaa kwenye waya wake mwenyewe, haitwi tena. Hakuna wa kumfukuza, bali simu yake haitalia.

Sheria hizo mbili ndizo zilizomponza.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri ya mawingu mepesi. Mechi ilikuwa inaisha. Mshambuliaji mmoja, kijana wa miaka ishirini na tatu ambaye mashabiki wanamwita Nyundo, alipewa penalti ya dakika ya mwisho. Akaipiga juu, mbali kabisa, kama anayerudisha mpira kwa aliyeuumba. Filimbi ikalia. Timu yake imefungwa moja bila.

Nyundo akaanza kuondoka, na Jicho akamwekea kamera usoni, akirudi nyuma mbele yake. Nyuma ya Jicho alikuwepo Mama Waya, nje ya mstari mweupe, mahali pake pa siku zote. Karibu na mlango Nyundo akakata kona ghafla, akaipita kamera ubavuni, na njia aliyoichagua ilikuwa na mtu ndani yake.

“Toka hapa!”

Mikono miwili, kifuani.

“Sikusikia maumivu,” anasimulia Mama Waya. “Nilisikia kimya. Watu wale wote, kelele zile zote, zikawa kama ziko ndani ya mtungi na kifuniko kimewekwa. Nikaona wingu. Lilikuwa limetulia, halina haraka na mtu. Nikasema moyoni, kumbe juu huku kuna raha hivi, na mimi miaka tisa natazama visigino!”

Kisha akakumbuka waya.

Wachezaji wengine walikuwa wanakuja, na nyuma yao machela yenye majeruhi. Waya ulikuwa umeanza kulegea miguuni mwao. Mama Waya akainuka akiwa bado ameushika, akauvuta, akaukunja, akamshika Jicho mkanda, akamrudisha nyuma mita arobaini mpaka taa nyekundu ya kamera ilipozimika. Ndipo Jicho alipogeuka.

“Nikamwambia mama, nipe waya niubebe,” anakumbuka Jicho. “Akaniambia, nakupa, lakini vidole havitaki kufunguka. Nikatazama mkono. Ulikuwa umekaa kama si wa kwake.”

Mifupa miwili ya kifundo cha mkono wa kulia ilikuwa imevunjika. Plasta ngumu wiki nane, mazoezi ya vidole, na kwa wiki kumi na moja hakushika waya. Dada yake alisuka vichwa vya watu mpaka mabega yakamvimba.

Wiki ya tatu ikaja barua. Klabu ya Nyundo ilikuwa imeandika kwa ligi kwamba “mtu mmoja wa televisheni alijikwaa kwenye waya wake.” Kituo cha televisheni nacho hakikutaka ugomvi na klabu. Kikamletea karatasi ya kutia sahihi: akubali kwamba ilikuwa ajali aliyojisababishia, na kituo kitamsaidia hospitali.

Nyumbani pakawa moto.

“Tia sahihi, mdogo wangu,” dada akamwambia, chanuo bado liko mkononi. “Hospitali haitibu kwa ukweli.”

“Nikitia sahihi, dada, nimejikwaa. Na mvuta waya aliyejikwaa ni nani atamwita?”

“Basi acha waya! Kwani ulizaliwa nao? Wewe ukifa utataka tukuzike na ule waya, na kaburi litakuwa refu mpaka barabarani.”

“Mkikosa nafasi mnikunje.”

Walicheka mpaka wakalia, kisha wakalia kweli. Asubuhi karatasi ilikuwa pale pale mezani, haina sahihi. Dada akaichukua, akafungia nywele za kusukia, mambo yakaisha.

Siku zile, usingizini, Mama Waya alikuwa anavuta. Waya ulipita juu ya mapaa ya nyumba, juu ya barabara, ukaingia dirishani kwa watu wasiomjua, naye avute, avute, asifike mwisho wake. “Nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala.”

Jicho ndiye aliyempelekea malalamiko yake kwenye kamati ya nidhamu ya ligi. Siku ya kikao akaingia chumba chenye meza ndefu na feni inayozunguka kivivu, mkono umening'inia shingoni kwa kitambaa. Nyundo alikuwa amekaa upande wa pili, ameinama, anachezea kifuniko cha chupa ya maji.

Picha ya tukio haikuwepo. Kamera kubwa zilikuwa zinamtazama kipa akishangilia. Kamera ya Jicho ilikuwa inatazama mbele, na Mama Waya siku zote yuko nyuma yake. Wakili wa klabu akaomba video ya Jicho ichezwe. Ikachezwa. Uso wa Nyundo ukaja, ukapita, ukatoka, kisha wachezaji wengine, kisha machela, picha ikiteleza kama maziwa.

“Mheshimiwa mwenyekiti,” wakili akasema, “mnaona picha hii? Imetikisika wapi? Mtu asukumwe na mwanamichezo wa kilo themanini, avunjike mkono, na kamera anayoiongoza isitikisike? Mama huyu alijikwaa baadaye, akaona haya kusema.”

Hapo Mama Waya anasema alihisi chumba kinaelea. Ufundi wake wa miaka tisa ulikuwa umesimama mbele ya kamati unamtolea ushahidi.

Mwenyekiti akamgeukia. “Mama, kama ulisukumwa, kwa nini hukuuachia waya?”

“Kulikuwa na machela inakuja, baba. Ningeuachia, wale wanne wangeanguka na mgonjwa wao.”

“Na huyo mgonjwa alikuwa wa timu gani?”

“Wa timu yake huyu kijana.”

Feni ikazunguka. Mwenyekiti akaandika kitu, akakifuta. Ndipo Mama Waya akaomba ruhusa ya kuuliza swali moja tu.

“Mwanangu,” akamwambia Nyundo, kwa sauti ile ile anayomwambia Jicho kuna tope. “Pesa sikuombi. Niambie tu, mikono yako ilinigusa au haikunigusa?”

Wakili akamshika kijana kiwiko. Nyundo akakitoa kiwiko chake taratibu, kama mtu anayejitoa kwenye shuka.

“Nilimsukuma. Alikuwa nje ya mstari. Mikono yote miwili.”

“Kwa nini?” akauliza mwenyekiti.

“Nilikuwa nimekosa penalti. Wapiga kamera wana vizibao vya namba, ukimgusa mmoja kesho yako kwenye magazeti. Yeye hakuwa na kitu.” Akakiweka kifuniko mezani. “Nikajua huyu hakuna atakayemuulizia.”

Chumba kizima, anasimulia Jicho, kilitazama meza.

Nyundo alifungiwa mechi sita. Klabu iliamriwa kulipa hospitali yote na mapato ya wiki zote atakazokaa bila kazi, na kuandika upya taarifa yake. Kituo kilimpigia simu Mama Waya siku hiyo hiyo, sauti tamu kama asali, kumuuliza anaweza kurudi lini.

Kwenye ujia, kijana alimngoja.

“Nisamehe, mama.”

“Nimekusamehe kabla hujatoka pale kitini. Lakini mechi zako sita utazikaa zote. Msamaha ni wangu, adhabu ni yako, tusichanganye vyombo.”

Alizikaa. Adhabu imeisha wiki iliyopita, na Jumamosi naye atacheza, uwanja huu huu. Kituo kilimpa Mama Waya nafasi ya kuhamia upande wa pili, mbali na mlango wa wachezaji. Amekataa.

“Pale ndipo kazini kwangu. Aliyetoka kwenye nafasi yake ni yeye, mimi nilikuwa kwenye yangu.”

Mkono haujarudi wote. Ngumi haifungi mpaka mwisho, na asubuhi za baridi kifundo kinaongea. Lakini yale maneno ya Nyundo ndiyo yanayomkosesha raha kuliko mfupa. Wavuta waya wa ligi hii, kwa hesabu yake, ni thelathini na wawili, na hakuna hata mmoja mwenye kizibao cha namba.

Kwa hiyo ameandika barua. Ameiandika mwenyewe kwa kalamu, kurasa mbili, akiomba kamati iwape wavuta waya wote vizibao vyenye namba na orodha ya majina yao ibandikwe mlangoni kila mechi, “ili mtu akianguka ijulikane ameanguka nani.” Ilimchukua siku nne. Dada alimsahihishia, kisha akamlaumu kwa kutumia neno “tafadhali” mara saba.

Kamati itakaa Jumatatu. Anaeleza hayo akiwa ameketi juu ya kasha la kamera, jua sasa limeumaliza uwanja wote na umande umekwenda zake.

“Na wakikataa?” anaulizwa.

Mama Waya anatazama mlango wa wachezaji, anatabasamu kama mtu aliyeona kitu kwa mbali na hana haraka ya kukifikia.

“Nitaandika tena,” anasema. “Kwani nilinunua karatasi? Nimenunua daftari.”