Kuku wa Bi Greta

Juzi, katika semina mjini Musoma, mtaalamu alitufafanulia kwa kirefu mradi endelevu ni nini, nami pua yangu ikajaa harufu ya mchuzi wa kuku.

Nilipokuwa mwanafunzi shuleni kwetu Kibara, Bi Greta, mzungu mwenye moyo mwema, alikuwa ametuletea kuku kumi ili mayai yao yatupatie madaftari. Madaftari yalikuwa yameadimika. Mimi niliandikia pembezoni mwa magazeti makuukuu.

Alasiri Bi Greta aliporudi kuutazama mradi wake, Mwalimu Mkuu aliwaka aliposikia jikoni kuna dagaa tu. "Mgeni wa mbali nimpe dagaa? Haiwezekani!" Bi Greta akala wali kwa kuku kwa furaha, akapewa na firigisi, fungu la mgeni wa heshima. Nilipokuwa nikimnawisha mikono, akasema, "Sasa twendeni nikawaone kuku wangu."

Walimu wakainama kama watu waliodondosha sindano. Mimi nilidhani amesahau tu.

"Mama, si ndio hao umemaliza? Wageni wote tunawachinjiaga hao."

Alicheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akachana ukurasa aliokuwa ameanza kuandikia ripoti, akanikabidhi daftari lililobaki. Ndilo daftari pekee ambalo kuku wale walitupatia.