Fomu Ina Nafasi ya Mke Mmoja

Admin, nifichie jina, maana mke mwenzangu anafuata ukurasa huu na hakosi kuacha maoni. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, fundi cherehani hapa mtaa wa Nyamirambo. Mume wangu alinioa kwa nikahi nikiwa na miaka ishirini na miwili. Baadaye akaongeza mke mdogo, akamweka nyumba nyingine, mtaa wa Kagarama. Nilinuna mwaka mzima, kisha nikazoea.

Mtoto wa mke mdogo alipokaribia kuanza shule, mzee alitaka mmoja wetu aende naye ofisi ya sekta kufunga ndoa ya serikali, maana serikali inatambua mke mmoja tu. Aliniuliza mimi kwanza. Nikacheka. Nikamwambia mimi nimeolewa mbele ya Mungu na mashahidi, karatasi ni za wasiojiamini, ampeleke huyo mdogo. Na kwa kiburi changu, gauni lake la siku ile nikalishona mwenyewe, tena nikalitia shanga.

Sasa mzee amestaafu. Kuna nchi ya ng'ambo inawapa wastaafu kibali cha kuishi miaka mingi. Wanataka barua ya pensheni, bima ya afya, cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Zote nimezifuatilia mimi, nikijua ninayekwenda ni mimi. Hata wateja nilishaanza kuwaaga. Wiki iliyopita tukafika kwenye ukurasa wa mke, kumbe wanataka cheti cha ndoa ya serikali.

Mzee hakunitazama. "Mama watoto, hii fomu iko na nafasi ya bibi moja tu," akasema. "Si mimi niliandika sheria. Wihangane, vumilia tu, nikifika nitakutafutia njia."

Nina wivu, sitaficha. Miaka thelathini na minne nimempikia, halafu uzee wake anakwenda kuumalizia na mwingine. Juzi huyo mwingine ameniletea kitambaa nimshonee nguo ya safari. Akaniambia, "Dada mkubwa, ni wewe tu unajua mwili yangu."

Sasa dhambi yangu ni hii. Cheti chao cha ndoa, kimeshatafsiriwa na kupigwa muhuri, kilikuwa kwenye faili niliyopewa niipange. Nimekitoa. Kiko kwenye droo ya cherehani, chini ya hiyo nguo yake ya safari. Miadi yao ubalozini ni Alhamisi. Wakiomba kingine kitachelewa, na kile cha polisi kitakuwa kimeisha muda. Tangu jana wanapekua nyumba zote mbili, na mimi napekua nao. Mzee amenishukuru kwa msaada.

Nikikirudisha, nabaki na cherehani yangu na kitanda kitupu. Nikikificha, mzee anabaki, lakini kila siku nitakuwa naishi na mtu aliyekuwa tayari kuniacha.

Msinitukane, ndugu zangu, nimeshajitukana vya kutosha. Kesho asubuhi mke mwenzangu anakuja kujaribu nguo, na lazima niifungue ile droo. Nishaurini, nifanye nini?