Mashine Iliyowasubiri Wanaume

Nilisikia mkwaruzo kabla ukungu haujaniachia hata mti mmoja wa kuona: krrr, kimya, krrr, kimya. Enzi zile za Mwingereza, asubuhi za mlima Meru zilianza hivyo, kama ndoto inayomkuta mtu akiwa tayari amesimama uani. Nilifuata harufu tamu ya maganda ya kahawa mpaka nikamwona mama, akining'inia kwenye mpini wa mashine ya kumenyea kahawa.

Kweli alining'inia. Mpini ulipopanda, visigino vyake viliacha ardhi. Uliposhuka, alishuka nao, akasimama kuhema.

Mashine ilikuwa ya babu, mzaa baba, mtu mrefu aliyeichagua dukani Arusha baada ya kuizungusha kidogo na kuridhika. Sisi wanawake tulichuma na kuosha. Kumenya kulingoja wanaume warudi kutoka sokoni Maji ya Chai. Kahawa ikichachuka vikapuni, mnunuzi huishusha daraja. Babu akaamua kwamba mashine moja haitoshi. Angeuza ng'ombe wetu wa maziwa, anunue ya pili.

Kwetu mke hajibizani na baba mkwe. Kwa hiyo tulipokuwa tukinywa uji, mama alinigeukia mimi, ingawa babu alikuwa akiota moto uleule.

"Mwambie babu yako, akinunua ya pili tutakuwa na mashine mbili zinazowasubiri wanaume."

Nikafungua mdomo. Babu akaniwahi. "Mwambie mama yako mashine ni nzima. Mikono yake ndiyo mifupi."

"Mwambie mikono hii haibadilishwi dukani. Fundi wa vyuma akate miguu ya mashine, aweke mpini mwingine upande wa pili, tuzungushe wawili. Kahawa itamenywa siku ilipochumwa, daraja litapanda, na ng'ombe atabaki."

"Mwambie chuma kizima hakikatwi."

"Basi mwambie apige magoti, awe wa kimo changu, azungushe."

Hilo sikuthubutu kulibeba. Babu aliangua kicheko. "Mjukuu wangu, mama yako anataka nikasali kwenye mashine!"

Lakini alitoka. Tulimtazama kupitia mlangoni, amepiga magoti, ukungu ukimpitia mabegani polepole hata nikadhani mlima wenyewe umeinama. Krrr, kimya. Krrr. Kisha kimya kirefu, babu akilishika bega lake kama la mtu mwingine.

Alirudi na mpini aliouchomoa mkononi, suruali imelowa magotini.

"Mwambie mama yako," alisema taratibu, "aliyeitengeneza ile mashine alikuwa na mke twiga."

Mama aliinamia kikombe chake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Na mwambie amkamue ng'ombe, asingoje mnunuzi wa kumchukua. Leo naenda kwa fundi."

Akavaa koti, akaubana mpini kwapani, akapita kando ya mama bila kumtazama, kama adabu ilivyotaka, na mlango ukafungwa nyuma yake.