Pua ya Tahiya

Mtaani Kikwajuni mjamzito haugui. Ana mimba tu. Akitapika, mimba. Akikohoa, mimba. Akivunjika mguu ataambiwa asubiri ajifungue, utaunga wenyewe.

Ndiyo maana Tahiya, mimba ya miezi saba, alikohoa siku nne bila ya mtu kushughulika, mwenyewe akiwa wa kwanza kupuuza. Kazi yake kuchanganya udi wa maharusi, na mwaka ule wa korona watu waliogopa kupeana mikono, kuoana hawakuogopa. Alikaa mbele ya sufuria la sukari na vipande vya udi, anasubiri harufu imwambie: sasa tia marashi. Udi haupikwi kwa macho, hupikwa kwa pua.

Harufu haikuja. Aliyekuja ni mama mkwe wake, Bi Mwatum, mbio, kajiziba uso kwa kanga.

"We Tahiya! Unatuchoma moto?"

"Mbona bado, mama?"

"Bado nini? Nyumba nzima moshi!"

Tahiya akachungulia: sufuria jeusi tii. Akafungua chupa ya miski, akainusa. Kama maji ya mfereji.

"Mimba hiyo," Bi Mwatum akahukumu. "Mtoto mwanamme ana kiburi, hataki harufu za kike. Njoo nikufukize."

"Sisikii harufu hata chembe, mama. Na hapa nilipokaa tu, pumzi hazinitoshi. Nnakwenda kituoni."

Kituoni mkunga Nadra, huku akimtania, alimbana kidoleni kidude cha kupimia oksijeni, akaisoma namba, iko chini, akaacha utani. Akamtia kijiti puani, wakasubiri robo saa.

"Una korona, mwanangu. Hospitali, sasa hivi."

"Na mtoto?"

Nadra akaweka kipimo tumboni. Kimya. Akakisogeza. Kisha tuku-tuku-tuku, mbio mbio.

"Huyu hajambo. Tukikuwahi wewe, ndo tushamuwahi yeye."

Tahiya akalia, kwa raha.

Alivuta oksijeni siku tisa. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Nadra, na siku ya kutoka akaubusu mtungi wenyewe, wauguzi wakavunjika mbavu.

Mtoto alizaliwa kwa wakati wake: wa kike, kilo tatu na ushei. Wageni wakija kumtazama, Bi Mwatum huwaambia, "Niliyegundua maradhi ni mimi. Hao wa kituoni walithibitisha tu."

"Kweli, mama. Ahsante," huitikia Tahiya, anamnyonyesha mwanawe. Na hatanii. Angekuwa peke yake siku ile, angekoroga mpaka pumzi zikamwisha.